Dawa ya Minyoo ya Kondoo Imo Zizini Mwetu

Wanakondoo wawili wamezaliwa wiki moja katika zizi moja, karibu na pale Mto Simiyu unapoingia Ghuba ya Speke, wilayani Magu. Wamechungwa na kijana yuleyule na wamekula majani ya ukingo uleule wa ziwa. Masika yanapokolea, mmoja anaanza kubaki nyuma ya kundi. Manyoya yake yamesimama, anajikokota, na chini ya taya unaning'inia uvimbe laini kama kifuko cha maji. Mwenzake yuko mbele, anakula kwa uchu, na jioni kundi likirudi anarukaruka na wenzake mlangoni mwa zizi.

Mwenye kundi akimtazama yule mnyonge husema mara moja, "Huyu ana minyoo." Hajakosea. Lakini hata yule mchangamfu ana minyoo, maana malisho yao ni mamoja. Tumezoea kumshughulikia mgonjwa: tunamshika, tunamnywesha dawa, tunamwombea apone. Yule mzima hatumuulizi kitu. Makala haya yanamhusu yeye, kwa sababu damu yake imebeba jambo ambalo wafugaji wa mwambao wa Ziwa Victoria wanalihitaji kuliko chupa yoyote ya dukani.

Mnyoo unaokunywa damu

Minyoo ya kondoo ni ya aina nyingi, na mara nyingi aina kadhaa hukaa pamoja ndani ya mnyama mmoja. Katika nchi za joto na mvua, unaoongoza kwa madhara ni ule ambao wataalamu huuita Haemonchus contortus. Makazi yake ni tumbo la nne, lile linalosaga chakula kwa tindikali kabla hakijaingia kwenye utumbo. Jike lake lina urefu wa sentimita 2 hadi 3, na ukilitazama kwa makini utaona kama uzi mwekundu na uzi mweupe vimesokotwa pamoja. Ule mwekundu ni utumbo uliojaa damu ya kondoo. Ule mweupe ni mifuko ya mayai.

Hesabu zake zinatisha. Mnyoo mmoja hunyonya takriban mililita 0.05 za damu kwa siku. Minyoo 1,000 humaliza mililita 50, na minyoo 5,000 hufikia robo lita. Mwanakondoo wa kilo 15 ana damu inayokaribia lita moja tu mwilini mwake. Ndiyo maana hupauka macho na ufizi, huishiwa nguvu, na protini ya damu inapopungua hupata ule uvimbe chini ya taya. Wafugaji wengi hungoja kuona kuhara ndipo waamini kuwa kuna minyoo. Mnyoo huu kwa kawaida hauharishi. Kondoo anaweza kufa huku kinyesi chake bado ni gololi ngumu kama siku zote.

Kila jike hutaga mayai kati ya 5,000 na 10,000 kwa siku, nayo hutoka pamoja na kinyesi. Kukiwa na joto na unyevu, mayai huanguliwa, na katika muda wa wiki moja hivi viluwiluwi vyake huwa tayari kuambukiza. Hupanda majani kwa kufuata utando wa umande na kumsubiri kondoo. Akishavila, wiki tatu hivi baadaye naye ameanza kudondosha mayai malishoni.

Sasa tazama mahali tulipo. Uso wa ziwa uko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, na joto la Mwanza halipungui sana mwaka mzima. Tuna vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba na masika kuanzia Machi hadi Mei. Huko Kwimba, mbali na maji, kiangazi huchoma majani na viluwiluwi hufa navyo kwa wingi. Ukingoni mwa ziwa majani hubaki mabichi hata Agosti, na kila mfugaji aliyeishiwa malisho huwashusha wanyama wake huko. Makundi ya vijiji kadhaa hukutana kwenye ukanda mwembamba wa kijani, yanakula na kunya palepale. Mnyoo haukosi msimu.

Kondoo mwenyewe hujiongezea hatari kwa namna anavyokula. Mbuzi akipata vichaka huinua kichwa na kuchuma majani ya juu. Kondoo huinamisha kichwa na kukata majani karibu kabisa na udongo, na viluwiluwi vingi hukaa katika sentimita chache za chini za jani. Wanaoumia zaidi ni wawili: mwanakondoo aliyeachishwa kunyonya, ambaye kinga yake bado changa, na jike anayekaribia kuzaa au anayenyonyesha, ambaye kinga yake hulegea kwa muda na mayai ya minyoo huongezeka ghafla katika kinyesi chake. Ni jike huyo anayewachafulia watoto wake malisho ya kwanza watakayoyala.

Chupa imeanza kuchoka

Kwa miaka mingi jibu letu limekuwa dawa ya kunywesha. Dawa hizi zimeokoa mifugo isiyohesabika, na hakuna sababu ya kuzibeza. Aivamektini, iliyoingia sokoni mwaka 1981, iliheshimiwa kiasi kwamba William Campbell na Satoshi Ōmura walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa ugunduzi ulioizaa. Lakini historia ya dawa za minyoo ina funzo chungu. Thaiabendazoli, dawa ya kwanza ya kundi ambalo albendazoli ni jamaa yake, ilianza kutumika mwaka 1961. Kufikia mwaka 1964 taarifa za kondoo ambao minyoo yao haikufa kwa dawa hiyo zilikuwa zimekwishatoka Marekani. Miaka mitatu tu.

Tanzania haikusalimika. Mwaka 1991 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, pamoja na wenzao wa Denmark walichapisha ushahidi kwamba Haemonchus ya kondoo nchini mwetu imeanza kuwa sugu kwa dawa za kundi hilo la albendazoli. Tangu hapo imepita zaidi ya miaka 30, na tabia zinazouzaa usugu bado tunazo. Uzito wa mnyama hukadiriwa kwa macho, naye hupewa dozi pungufu. Dawa ileile hununuliwa mwaka baada ya mwaka kwa sababu ndiyo ya bei nafuu. Kundi zima hunyweshwa siku moja, wazima kwa wagonjwa, kisha hupelekwa kwenye malisho mapya.

Tabia hiyo ya mwisho huonekana kama bidii, kumbe ndiyo inayoharibu zaidi. Ukimnywesha kila kondoo, minyoo pekee inayobaki hai ni ile iliyoishinda dawa, na hiyo ndiyo itakayoyajaza malisho mapya kwa uzao wake. Ukiwaacha kondoo wazima bila dawa, minyoo yao ambayo haijawahi kukutana na dawa huendelea kuzaana na ile sugu na kuizidi kwa wingi. Hivyo dawa hudumu na makali yake.

Hapa Kiswahili kinatusaidia kufikiri. Mnyoo usiokufa kwa dawa tunasema una usugu. Kondoo ambaye mwili wake unapambana na minyoo, ukaifanya iwe michache na itage mayai machache, tunasema ana ukinzani. Na yupo wa tatu, aliyebeba minyoo mingi lakini bado ananenepa na kunyonyesha vizuri. Huyo ana ustahimilivu. Mfugaji anapaswa kuwatofautisha hawa wawili wa mwisho. Mstahimilivu anapendeza machoni, lakini kila siku anamwaga maelfu ya mayai malishoni kwa hasara ya wenzake. Mkinzani husaidia kundi zima, maana malisho anayopita yeye huchafuka kidogo.

Somo la kondoo wekundu wa Wamasai

Kwamba kuna kondoo wenye ukinzani wa kuzaliwa nao, ushahidi wake mkubwa umetoka hapahapa Afrika Mashariki. Mwishoni mwa miaka ya 1970 watafiti Preston na Allonby walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya Naivasha, Kenya. Waliwaweka kondoo wa aina mbalimbali kwenye maambukizi yaleyale ya Haemonchus, na kondoo wekundu wa Wamasai, wale wa mkia wa mafuta na manyoya mafupi ya rangi ya udongo, wakaonekana kuyahimili kuliko kondoo wa kigeni. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Muguga, nje kidogo ya Nairobi, wakiwemo Mugambi na Wanyangu, waliwalinganisha na Dorper, kondoo weusi kichwa wa Kisomali na Romney. Wekundu wa Wamasai ndio waliotoa mayai machache zaidi ya minyoo, na damu yao haikupungua kama ya wengine.

Kisha kukaja kazi ya Diani, kusini mwa Mombasa. Kati ya mwaka 1991 na 1996 kituo cha kimataifa cha utafiti wa mifugo, ambacho leo kinaitwa ILRI, kiliwafuga kondoo wekundu wa Wamasai, Dorper na machotara wao katika shamba la pwani lenye joto na unyevu mwaka mzima. R. L. Baker ndiye aliyeongoza uchambuzi wa matokeo. Dorper ni kondoo wa nyama aliyetengenezwa Afrika Kusini katika miaka ya 1930 kwa kuchanganya Dorset Horn na kondoo mweusi kichwa wa Kiajemi. Ni mkubwa, hukua haraka, na sokoni hupewa bei nzuri. Ukimpima mmoja mmoja kwenye mizani, anamshinda mwekundu. Lakini watafiti walipolipima kundi zima, kwa kuhesabu waliozaliwa, waliokufa, walioachishwa kunyonya na chakula walichokula wote, wekundu wa Wamasai waliwazidi Dorper kwa tija mara kadhaa pale pwani. Dorper alikua haraka, ila wengi mno hawakufika siku ya kuuzwa.

Watafiti walirudia ulinganisho huo katika nchi kavu ya Kapiti, Machakos, ambako minyoo ni michache. Huko ule ushindi mkubwa haukuonekana. Hili ndilo jambo ambalo kila mtu anayeleta mbegu ya kigeni Kanda ya Ziwa alipaswa kuelezwa kwanza: hakuna kondoo bora wa kila mahali. Ukavu wa Kapiti hauko Ukerewe, wala hauko Sengerema au kwenye mbuga za Magu zinazotuama maji. Kwa joto na unyevu, mwambao wetu unafanana zaidi na Diani.

Matokeo ya Diani hayakuzuia kilichokuwa kikitokea malishoni. Nchini Kenya Dorper alisambazwa kwa wingi hata kondoo mwekundu halisi akawa adimu, na ILRI ikalazimika kutunza kundi lake Kapiti ili mbegu isipotee. Wataalamu wa nasaba walipochunguza machotara wa aina hizo mbili, hawakukuta kitu kimoja ndani ya vinasaba cha kunyooshewa kidole. Walikuta sehemu nyingi, kila moja ikichangia kidogo. Maana yake kwa mfugaji ni nyepesi: ukinzani umejengwa kwa vizazi vingi vya kondoo walionusurika kwenye nchi ngumu, na ukishapotezwa kwa kupandisha ovyo haurudi kwa sindano.

Nami nasema wazi kwamba jina la aina peke yake halitoshi. Kondoo wetu wa kienyeji wa mkia mnene wanaofugwa na Wasukuma na Wakerewe wameishi na minyoo ya mwambao kwa vizazi vingi, lakini hata ndani ya kundi moja wanatofautiana. Watafiti wamekuta mara nyingi kwamba asilimia 20 hadi 30 ya wanyama hubeba takriban asilimia 80 ya minyoo yote ya kundi. Wachache ndio wanaolilisha zizi zima ugonjwa. Kazi iliyo mbele yetu ni kuwajua wachache hao, na kuwajua wale walio kinyume chao.

Jicho, kinyesi na daftari

Njia ya kwanza haihitaji maabara. Afrika Kusini, daktari wa mifugo François Malan aliona kwamba upungufu wa damu unaoletwa na Haemonchus unasomeka ndani ya kope. Yeye na wenzake walitengeneza kadi yenye rangi tano, ikaitwa FAMACHA, jina lililotokana na jina lake. Unamshika kondoo kwenye mwanga wa jua, unalivuta kope la chini taratibu, na unalinganisha rangi ya ngozi laini ya ndani na ile ya kadi. Rangi ya 1 ni nyekundu ya damu nzito. Ya 5 ni nyeupe kama bakuli la kauri. Wa 1 na 2 huachwa bila dawa. Wa 4 na 5 hunyweshwa mara moja. Wa 3 huamuliwa kwa hali yake: mwanakondoo, jike anayenyonyesha na aliyekonda hupewa. Wakati wa mvua zoezi hufanywa kila wiki mbili, maana Haemonchus huua haraka.

Faida ya kwanza ni fedha iliyobaki mfukoni. Faida kubwa zaidi huonekana baada ya masika mawili: umeshajua nani alihitaji dawa mara tatu na nani hakuihitaji hata mara moja. Kadi hiyo isomwe na mtu aliyefundishwa, kwa kuwa macho mekundu ya vumbi au ya ugonjwa mwingine yanaweza kumdanganya anayejifunza, na damu inaweza kupungua kwa sababu nyingine kama kupe na minyoo ya ini.

Njia ya pili ni kuhesabu mayai ya minyoo, na hiyo ndiyo inayoupima ukinzani wenyewe. Kinyesi huchukuliwa moja kwa moja kutoka mkunduni mwa kondoo kwa mkono wenye glovu, huwekwa kwenye mfuko wenye jina au namba yake, hutunzwa mahali pa baridi na kufikishwa maabara mapema, kwa sababu kwenye joto mayai huanguliwa na hesabu huharibika. Mtaalamu huchanganya gramu chache na maji ya chumvi nyingi, mayai huelea, naye huyahesabu kwa darubini kwenye kioo chenye vyumba kinachoitwa McMaster. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA, ina kituo Mwanza. Darubini ya kawaida inatosha. Kikundi cha wafugaji na afisa mifugo wao wanaweza kupanga siku ya kupeleka sampuli za pamoja.

Ili hesabu iwe ya haki, wapimwe kondoo wa rika moja, walioachishwa kunyonya, wakiwa na miezi minne hadi sita, wanaochungwa pamoja, ambao hawajanyweshwa dawa kwa wiki kadhaa. Wapimwe wakati wa mvua, minyoo ikiwa mingi, maana kiangazi kikali kila kondoo huonekana mkinzani. Wapimwe mara mbili, kwa sababu kinyesi cha siku moja kinaweza kudanganya. Aliye na mayai machache mara zote mbili, ambaye jicho lake ni jekundu na mwili wake umejaa, ndiye hazina yako.

Maabara hiyohiyo inaweza kukueleza kama dawa yako bado inafanya kazi. Mayai huhesabiwa siku ya kunywesha, kisha tena baada ya siku 10 hadi 14. Yakiwa hayajapungua kwa angalau asilimia 95, minyoo yako imeanza kuwa sugu, na kuendelea kununua chupa ileile ni kutupa fedha ziwani.

Njia ya tatu ndiyo inayozipa hizo mbili maana: kuandika. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hakuna mahali msemo huo unapouma kama kwenye ufugaji. Kondoo 40 wasio na alama hawawezi kuchaguliwa. Kila baada ya wiki mbili utakuwa unaanza upya. Juni 2025, mkoani Simiyu kwa majirani zetu, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo. Wengi waliitazama kampeni hiyo kwa jicho la chanjo na la wizi wa mifugo. Mimi naitazama pia kwa jicho la mbegu: kondoo mwenye hereni ya namba masikioni ni kondoo anayeweza kuandikwa mama yake, rangi ya jicho lake na hesabu ya mayai yake. Daftari la shule linatosha.

Dume ndiye nusu ya kundi

Ukinzani unarithiwa. Katika tafiti nyingi za dunia, takriban robo ya tofauti inayoonekana kati ya kondoo katika hesabu ya mayai hutokana na urithi kutoka kwa wazazi. Iliyobaki ni lishe, umri, malisho na bahati. Robo inaonekana ndogo, lakini Australia na New Zealand wamekuwa wakichagua kondoo kwa njia hiyo tangu miaka ya 1970 na 1980, na makundi yaliyochaguliwa yametofautiana wazi na yale yasiyochaguliwa. Huko mnunuzi wa dume anaweza kuuliza rekodi ya mayai kama sisi tunavyouliza uzito.

Njia ya mkato ya kubadili kundi ni dume. Jike mmoja anakupa mtoto mmoja au wawili kwa uzao, lakini dume mmoja hupandisha majike 25 hadi 30. Sasa angalia tunavyofanya. Dume aliyejaa vizuri ndiye wa kwanza kupelekwa mnadani, na Idd el-Hajj inapokaribia ndiye anayetafutwa zaidi, kwa haki yake, maana anauzwa bei nzuri. Anayebaki kupandisha ni yule ambaye hakuna aliyemtaka. Tunauza mbegu njema na kupanda pumba, kisha mwaka unaofuata tunanunua dawa zaidi.

Ushauri wangu ni huu. Kabla ya kuuza dume yeyote, chagua wawili watatu waliopita masika bila kuhitaji dawa, waliozaliwa na majike ambao nao hawakuihitaji, wenye hesabu ndogo ya mayai na ukuaji mzuri. Hao wafiche. Dume aliyenyweshwa mara mbili au zaidi katika masika mamoja ahasiwe mapema, anenepeshwe, auzwe kwa nyama. Kila baada ya miaka miwili hivi, badilishaneni madume na wafugaji wa kijiji kingine ili dume asipandishe binti zake. Na anayempenda Dorper kwa ukubwa wake, asiiache damu ya kienyeji iishe kundini. Kwenye mwambao huu damu hiyo ndiyo bima yake.

Yale ambayo ukinzani hauyawezi

Kondoo mkinzani hafungui mlango wa kuchunga popote. Ukingo wa ziwa una adui mwingine, minyoo ya ini, ambayo hupitia kwa konokono wadogo wa maji kabla ya kumfikia mnyama. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi kuvunja rekodi ya mwaka 1964, na maji yakaingia kwenye malisho ya ufukweni. Popote maji yanapotuama na kurudi nyuma, konokono hupata makazi. Ukinzani dhidi ya Haemonchus haumlindi kondoo na minyoo hiyo. Indonesia wana kondoo wa mkia mwembamba wenye ukinzani mkubwa dhidi ya minyoo ya ini ya nchi za joto, lakini ulinzi huohuo hauwasaidii dhidi ya ndugu yake wa nchi za baridi. Mwili hujifunza adui mmoja mmoja.

Kwa hiyo uchaguzi wa mbegu uende pamoja na malisho. Wasukuma wanajua tofauti ya luseni, udongo wa kichanga wa juu, na mbuga, udongo mweusi wa bondeni. Wakati wa mvua kondoo wachungwe juu, waende malishoni umande ukiwa umekauka, na bonde liachiwe ng'ombe wakubwa. Desturi ya ngitili, ya kufunga eneo la malisho ili lipumzike, inabeba faida nyingine ambayo hatuisemi: katika nchi ya joto na unyevu viluwiluwi havina chakula, huishi kwa akiba iliyomo mwilini, na vingi hufa ndani ya miezi miwili hivi. Visiwani Fiji na Tonga watafiti walitumia ukweli huo katika miaka ya 1990 kwa kuyagawa malisho vipande 10, kila kimoja kikiliwa siku tatu na nusu na kupumzika mwezi mmoja, na matumizi ya dawa yakapungua.

Lishe nayo ni silaha. Kinga ya mwili hujengwa kwa protini, na tuko katika nchi ya pamba. Konzi mbili za mashudu kwa jike aliye karibu kuzaa na kwa mwanakondoo aliyetoka kuachishwa zinafanya kazi ambayo dawa haiwezi: zinamrudishia damu anayonyonywa.

Neno kwa mfugaji na kwa halmashauri

Nchi yetu ina kondoo zaidi ya milioni 8, lakini mipango yetu huwataja mwishoni, baada ya ng'ombe na mbuzi. Kondoo ni akiba ya mama anayehitaji sare za shule Januari na ya kijana asiyeweza kununua ng'ombe. Anapokufa kimya kimya kwa minyoo hakuna anayepiga mbiu, na umaskini unaongezeka kidogo kidogo zizi kwa zizi.

Naziomba halmashauri za Magu, Misungwi, Ukerewe, Sengerema na Buchosa zifanye mambo matatu yasiyo ya gharama kubwa: ziwafundishe maafisa mifugo wa kata kusoma kope kwa kadi, ziweke siku maalumu za kupokea sampuli za kinyesi wakati wa masika na kuzifikisha maabara, na zisimamie vikundi vya kubadilishana madume waliopimwa. Kabla ya kuleta dume la kigeni, ziulize kwanza limepimwa wapi na dhidi ya minyoo gani.

Nawe ndugu mfugaji, kesho asubuhi usianze na chupa. Anza na kalamu. Wape kondoo wako alama, vuta kope la kila mmoja, andika rangi uliyoiona. Mnyweshe anayehitaji, na asiyehitaji mwache. Masika mawili yakipita, fungua daftari lako umtafute yule ambaye jina lake halikuwahi kuandikwa kwenye safu ya dawa. Huyo usimuuze.